Joto la Mbali, Msiba wa Karibu



Mwezi Aprili 2024 mvua kubwa ilinyesha Arusha, na huko Muriet gari la shule lilisombwa na maji ya korongo. Watoto wetu walifariki. Wengi tulisema, “Ni mapenzi ya Mungu.” Maneno hayo hufariji, lakini hayatuondolei wajibu wa kuuliza sababu.

Sababu mojawapo huanzia mbali. Hewa chafu itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi hulizuia joto kuondoka duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada huingia baharini. Bahari iliyopata joto hutoa mvuke mwingi, na hewa inapoongezeka joto kwa digrii 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvuke huo ndio mchukuzi wa joto. Upepo huuleta kutoka Bahari ya Hindi hadi miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Meru. Hapo hupanda, hupoa na kugeuka mvua, nalo joto lililofichika ndani yake huachiliwa na kuyasukuma mawingu juu zaidi. Kumbe ng’ambo ya mlima, upande wa Oldonyo Sambu, upepo hufika umekwisha kumwaga maji yake, na hewa ya joto hunyonya hata unyevu uliosalia ardhini.

Si kila gharika ni tunda la joto hilo. El Nino ya 1997 na 1998 ilitukumbusha kwamba bahari ina majira yake. Lakini joto huongeza uzito juu ya mzigo uliokuwapo.

Afrika imechangia sehemu ndogo sana ya hewa hiyo chafu. Kwa hiyo mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, si sadaka. Ni deni la haki.

Hata hivyo, ni nani aliyejaza taka katika mifereji yetu na kukata miti kandokando ya mto Themi? Kabla ya masika, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ilitembelee korongo lililo jirani, izibue mifereji, na kupeleka hoja kwa serikali ya mtaa. Aliyejenga bondeni mara nyingi ni maskini aliyekosa kiwanja kwingine. Tusimhukumu, bali tumsaidie kupata mahali salama. Na mtoto avukaye korongo kwenda shule tusimwombee tu. Tudai ajengewe daraja.