Rangi Iliyokoza Haiokoi Ukuta

Miongoni mwa imani zilizozoeleka kuhusu kupaka nyumba rangi, ni chache zenye hasara kama ile isemayo kuwa chumba kipakwe rangi iliyokoza, bluu au kahawia, kwa kuwa nyeupe hushika uchafu upesi. Imani hii yastahili kupingwa popote, na zaidi Wagenia, kando ya poromoko la mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, mjini Kisangani, karibu na Ikweta, ambako mvua hunyesha kila mwezi wa mwaka na kuta za matofali ya udongo hukaa na unyevu kwa muda mrefu.

Hoja ya kwanza ni nuru. Ukuta mweupe hurudisha takriban asilimia 80 ya nuru inayouangukia, ilhali bluu iliyokoza hurudisha asilimia 10 au pungufu, na kwa kuwa nuru hutoka ukuta huu ikaangukia ule mara nyingi kabla ya kufifia, tofauti hiyo huzidi kukua. Ndiyo maana chumba chenye dirisha dogo kikipakwa bluu huhitaji taa hata mchana, katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara.

Hoja ya pili, iliyo nzito zaidi, ni unyevu. Nyeupe ya bei nafuu ni chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji, ambayo ikipakwa hufyonza kaboni dioksidi hewani na kuwa tabaka gumu lenye vitundu vidogo vinavyouacha ukuta upumue, nao ukali wake huzuia kuvu. Rangi iliyokoza mara nyingi ni ya mafuta, nayo huziba ukuta, hata maji yanayopanda kutoka ardhini yakakosa pa kutokea. Matokeo yake huonekana kwenye kimo cha goti: rangi hufanya malengelenge, hubanduka vipande vipande, na nyuma ya kila kipande udongo hupukutika ukawa unga.

Wapo watakaojibu kwamba alama za mikono ya watoto hazionekani kwenye bluu. Ni kweli, lakini uchafu usioonekana hausafishwi, na ukuta wa chokaa ukichafuka hupakwa upya kwa gharama ndogo. Wala isidhaniwe kuwa nyeupe ya ndani hupoza nyumba, kwani joto la mchana huingia hasa kupitia mabati ya paa.

Mwenye nyumba Wagenia na apake kuta zake chokaa nyeupe, na rangi iliyokoza ya mafuta aiwekee milango na miimo ya madirisha, kwa maana mbao ndizo zinazoihitaji.