Wizi wa Mifugo Mpakani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai yangu juu ya msiba wa wizi wa mifugo unaowasibu Waturkana, Wapokot na Wakaramojong wa mpaka wa Kenya na Uganda, ambao kwao ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya watoto, na ni akiba ya mwaka wa ukame.

Zamani vijana hawakutoka kwenda kupora ila kwa idhini ya wazee. Lakini tangu mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka na ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Moroto, upande wa Uganda, likaporwa, bunduki imechukua mahali pa mkuki, na kijana asiyeota ndevu amepata kiburi cha kumhalifu babu yake. Tena mifugo mingine iliyoibwa haifiki zizini mwa mshindi, ambako wazee wangeweza kuidai, bali hupakiwa malorini usiku ikauzwe mijini, na faida ikawaendea matajiri wasiokanyaga malishoni.

Hata hivyo, suluhu si muhali. Mwaka 1973, huko Lokiriama katika nchi ya Turkana, Waturkana na Wamatheniko, ambao ni tawi la Wakaramojong, walifukia silaha ardhini wakaahidiana amani, na ahadi hiyo huadhimishwa hadi leo.

Nazisihi serikali zetu, zilizotia sahihi mapatano ya amani ya mpakani huko Moroto mwaka 2019, zikusanye silaha pande zote kwa wakati mmoja, kwani anayenyang'anywa bunduki peke yake huachwa bila kinga; na lori lolote la ng'ombe lisipite kizuizi cha barabarani pasipo chapa za wanyama kukaguliwa.

Wako mtiifu,
Msomaji, Kitale