Mvua Iko na Tarehe



Juzi rafiki yangu aliyeko Ubelgiji alinitumia picha ya mti wenye maua meupe. Akaandika: "Huku printemps imefika." Nikamjibu: "Huku imefika potopoto." Tulicheka, kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Mimi sina shughuli nyingi, kwa hiyo nilibaki nikiwaza juu ya ile picha.

Shuleni tulijifunza misimu minne kwa vitabu vya Kifaransa. Mwalimu alichora ubaoni mti wenye theluji, sisi tukachora pia, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuona theluji. Kisangani iko karibu sana na ikweta, nusu ya digrii hivi kaskazini yake. Karibu na tarehe 21 Machi, jua likifika katikati ya mbingu, simama nje uangalie kivuli chako: kiko chini ya miguu. Sisi hatuna printemps. Tuko na mvua nyingi na mvua kidogo. Januari na Februari panakauka kidogo. Machi mvua inarudi na kuendelea hadi Mei. Katikati ya mwaka inapungua, kisha Septemba hadi Novemba inamwagika kweli kweli. Ile njo kalenda yetu, na hata mtoto wa miaka kumi anaijua.

Mvua ikirudi, maisha yanabadilika siku hiyo hiyo. Mama yangu anauza makala. Wingu likionekana upande wa mto anapiga kelele: "Mvua inakuya! Ingiza makala!" Magunia yanaingia ndani, sisi tunalala pembeni yake. Bei inapanda, juu barabara za kutoka msituni zinakuwa mbaya na makala inachelewa kufika. Mbu wanarudi, na malaria inarudi pamoja nao. Mimi nina lisansi ya sayansi ya utawala, na mwaka wa pili huu natafuta kazi. Siku nyingine naazima baiskeli ya binamu yangu na kufanya toleka. Siku kavu naweza kubeba watu kumi na tano. Siku ya mvua nabeba wanne, na mmoja kati yao atashuka njiani na kuniambia: "Kaka, heri niende kwa miguu, utaniangusha." Diploma yangu iko ndani ya mfuko wa plastiki, ule wa mkate, umefungwa fundo mbili na kuning'inizwa ukutani mbali na pale mabati yanapovuja. Nikiiangalia naona aibu kidogo, lakini isipokaa pale italowana.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku, saa nane hivi. Maji hayakutoka juu safari hii, yaliingia kwa mlango. Mfereji wa avenue yetu ulikuwa umeziba kabisa. Jirani yetu, mama mwenye watoto wanne, alipoteza unga wote aliokuwa auze asubuhi. Ule unga ulikuwa mtaji wake mzima. Alikaa juu ya kiti na watoto wake kitandani, miguu yake ndani ya maji, bila kulia wala kusema kitu.

Kulipopambazuka tulitoka vijana saba na majembe. Tulichimba kwa hasira, huku tukitukana komini, mji, jimbo na Kinshasa. Mzee mmoja wa avenue alisimama mlangoni pake akitutazama. Halafu akauliza polepole: "Batoto yangu, mnachimba leo? Mvua iko na tarehe. Mwezi wa pili mulikuwa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mwezi wa pili mimi nilikuwa hapa hapa. Nilipita juu ya ule mfereji kila siku, asubuhi na jioni, ukiwa mkavu. Niliona mifuko ya plastiki ndani yake, na mingine labda ilitoka nyumbani kwetu. Mwezi huo huo niliandika maneno makali kwenye simu kuhusu viongozi wasiojali. Sikukosea. Lakini sikupeleka hata barua moja kwa mtu yeyote.

Ndugu zangu, hapa njo nataka tuongee. Sisi vijana tunaopenda mabadiliko tumezoea siasa ya mwavuli. Mvua ikinyesha tunafungua, ikikatika tunakunja. Nyumba zikiingia maji tunaandamana, tunapiga picha, tunatoa tamko. Jua likitoka, tunasahau mpaka msimu mwingine. Na viongozi wamekwisha kutusoma. Wanajua kwamba hasira yetu inakauka pamoja na barabara, kwa hiyo wanangojea tu jua.

Kumbukeni uchaguzi wa 20 Desemba 2023. Majuma yale yale mto Kongo ulikuwa unapanda, na kule Kinshasa mwanzoni mwa Januari 2024 maji yalikaribia kimo cha mwaka 1961. Wagombea walitembea kwenye matope pamoja na sisi, walivaa kofia, waligawa fulana, waliahidi. Tulipiga kura tukiwa na matope miguuni. Baadaye, nani kati yetu alirudi kumuuliza mtu aliyemchagua kuhusu mfereji? Mimi sikurudi.

Kuna wanaosema dawa ni kungoja "printemps" ya siasa, sawa na ile ya Waarabu mwaka 2011. Tuiangalie vizuri. Kwanza, haikuanza katika msimu wa maua. Mohamed Bouazizi, kijana aliyekuwa akiuza matunda huko Sidi Bouzid nchini Tunisia, alijichoma moto tarehe 17 Desemba 2010, na rais Ben Ali alikimbia nchi tarehe 14 Januari 2011. Kwao ilikuwa baridi. Pili, rais aliondoka katika muda usiotimia mwezi mmoja, lakini Julai 2021 rais mwingine wa nchi ile ile alisimamisha kazi za bunge. Simdharau Bouazizi hata kidogo. Ninachoona ni kwamba siku moja kubwa inaweza kumwondoa mtu, ila haitoshi kulinda kile kilichopatikana. Kulinda ni kazi ya kila msimu, tena haina picha nzuri za kutuma.

Sasa, Serikali nayo iko na misimu yake, na imeandikwa katika Katiba. Kikao cha kwanza cha Bunge la taifa kinafunguliwa 15 Machi na kufungwa 15 Juni. Cha pili kinafunguliwa 15 Septemba na kufungwa 15 Desemba, na hicho njo cha bajeti. Angalieni vizuri: bajeti ya nchi inajadiliwa wakati ule ule mvua yetu kubwa inanyesha. Wao wanahesabu pesa, sisi tunahesabu ndoo za maji. Tukianza kulalamika mwezi wa kumi na moja, karatasi zao zimekwisha kuandikwa. Mtu anayetaka mfereji wa Novemba aingie kwenye bajeti lazima aongee mwezi wa saba na wa nane, wakati wabunge wako likizo na hakuna anayefikiria mvua.

Mji wetu unajua uchungu wa tarehe. Kila mwaka, kuanzia 5 hadi 10 Juni, tunakumbuka vita ya siku sita ya mwaka 2000, wakati jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda zilipigana ndani ya Kisangani, juu ya vichwa vya wazazi wetu. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Tena Septemba. Tukija mwezi wa Juni tu, na maua na hotuba, tukasahau kuuliza mwezi wa tisa, tunawaacha wale wazee peke yao mbele ya milango ya ofisi.

Najua mmoja wenu atasema: "Kusafisha mfereji ni kazi ya Serikali. Ukiifanya wewe, unawapumzisha." Ni neno la kweli, na wazazi wetu wanalielewa kuliko sisi. Wanakumbuka Salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima iliyoitwa ya taifa, mwananchi anafyeka na mkubwa anasimama kivulini. Sitaki Salongo nyingine. Lakini tutofautishe mambo mawili. Mfereji mdogo wa mbele ya mlango wangu, wenye mifuko ya plastiki tuliyotupa sisi, huo naweza kuusafisha Jumamosi moja. Mfereji mkubwa unaopokea maji ya avenue zote na kuyapeleka mtoni, huo hakuna jembe langu litakaloumaliza. Huo unahitaji mashine, simenti na pesa ya umma. Nikifanya sehemu yangu mapema, sehemu yao inabaki wazi, na wakiniambia "anzeni nyinyi wenyewe" nitawaonyesha kwamba tumekwisha kuanza.

Kwa hiyo naleta pendekezo dogo. Sasa hivi, katika mvua hii ya Machi hadi Mei, tuandike. Maji yenyewe yanatuonyesha yanapita wapi na yanakwama wapi, wakati wa jua hatutaona. Kila avenue iwe na daftari: mahali, tarehe, nyumba ngapi ziliingia maji, nani alipoteza nini. Mwezi wa sita na wa saba tusafishe ile midogo, na kwa ile mikubwa tupeleke barua kwa mkuu wa komini na kwa meya, tubaki na nakala yenye muhuri wa kupokea. Kabla ya 15 Septemba tuwatafute wabunge wetu, wa taifa na wa jimbo, wakiwa bado nyumbani, tuwaulize swali moja: mfereji huu uko kwenye bajeti, ndiyo ao hapana? Na baada ya 15 Desemba turudi na daftari lile lile mkononi.

Mvuvi wa Wagenia hangoji maji yapande ndipo akatafute miti ya kufungia mitego yake. Mama wa sokoni hangoji mwezi wa nane ufike ndipo aulize mbinzo zitatoka upande gani. Wanatayarisha mapema, na hakuna aliyewapa diploma.

Sisi wa avenue yetu tumeanza Jumapili. Yule mama aliyepoteza unga njo wa kwanza kwenye daftari. Alisita, akauliza kama jina lake litamletea matatizo. Nilimwambia tunaweza kuandika namba ya nyumba tu, akakubali. Mzee wa mlangoni naye aliitwa, akatutajia mahali mfereji wa zamani ulipopita kabla watu hawajajenga juu yake. Barua kwa mkuu wa komini nimeanza kuiandika mimi, juu nilisomea utawala miaka mitano na bado sijaandika barua hata moja ya kiofisi kwa faida ya mtu.

Wewe, kwenye avenue yako, maji yanakwama wapi? Andika leo, kabla hapajakauka.

Kisangani, mwezi wa Machi