Wiesel, Gaza na kimya chetu juu ya Darfur

Elie Wiesel hasomwi sana hapa Pwani, na sababu inajulikana: alikuwa mtetezi mkubwa wa Israel. Mimi nilimsoma kwa kumshuku, kisha nikamrudia.

Alizaliwa Sighet, Romania, mwaka 1928. Mwaka 1944 Wanazi waliipeleka familia yake Auschwitz. Mamake na mdogo wake wa kike waliuawa huko. Babake alifia Buchenwald. Alinusurika, akaandika Night, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Boston kwa miaka mingi. Swali lake lilikuwa: aliyeyaona hayo ataombaje tena? Katika tamthilia yake ya 1979, The Trial of God, Mungu ndiye mshtakiwa. Hapo nilikifunga kitabu. Kwetu mja hamhukumu Mola wake. Lakini huyu mtu, pamoja na malalamiko yake yote, hakuiacha imani yake.

Kilichonirudisha ni fundisho lake kwamba anayemsikiliza shahidi huwa shahidi naye. Aprili 1993, kwenye ufunguzi wa jumba la makumbusho ya mauaji ya Mayahudi mjini Washington, alimgeukia Rais Clinton mbele ya watu na kumtaka afanye jambo kuhusu Bosnia, ambako Waislamu walikuwa wakiuawa. Miaka miwili baadaye ikawa Srebrenica. Mwaka 2004 aliwasemea watu wa Darfur.

Palestina ndipo alipojikwaa. Mwaka 2014 aliweka jina lake kwenye tangazo la magazetini lililoitupia Hamas lawama za watoto wa Gaza. Mabomu yaliyokuwa yakiwaua hayakuwa ya Hamas. Kwa kipimo chake mwenyewe, alishindwa.

Na sisi je? Mwaka 2023 wanamgambo wa RSF na washirika wao waliwachinja Wamasalit mjini El Geneina, Darfur. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria waliouawa katika mji huo mmoja kuwa kati ya 10,000 na 15,000. Wauaji Waislamu, waliouawa Waislamu. Februari 2025 viongozi wa RSF wakaketi KICC, Nairobi, na wenzao kupanga serikali yao. Ijumaa ya wiki ile msikitini kwetu tuliwaombea ndugu zetu wa Gaza, na ilikuwa haki. Darfur haikutajwa.

Baada ya swala nilimuuliza imamu. "Hayo ya Sudan ni fitna baina ya ndugu," akaniambia. "Tusijitie." Nami sikumjibu, nikaenda zangu.