Mama, Umesoma Tiketi Yako?

Mwaka jana tulimsindikiza mwenzetu aliyekuwa akienda Marekani kumhudumia binti yake aliyejifungua. Alikuwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Ya pili iliruhusu masanduku mawili, ya kwanza moja tu. Pesa za kulipia hakuwa nazo. Akafungua sanduku mbele za watu, nasi tukarudi nyumbani na furushi la kanga na nguo za mjukuu.

Basi tujifunze. Safari ya kwenda au kutoka Marekani ikiwa katika tiketi moja, hata kama mnapanda ndege za mashirika mawili yanayoshirikiana, kanuni ya mizigo ni moja mwanzo hadi mwisho. Serikali ya huko iliagiza hivyo tangu 2012. Tiketi mbili ni kanuni mbili.

Tazama tiketi yako: 2PC maana yake ni masanduku mawili. Uliza na kilo, mara nyingi ni 23 kila moja. Uliza kabla ya kulipa, si uwanjani.

Tena, dawa za sukari na za presha zikae katika mkoba wa mkononi. Sanduku likichelewa, mwili hausubiri.