Kijiti cha Oili na Amana ya Safari



Juma lililopita tulimpokea nyumbani jamaa yetu mmoja aliyekuja kwa teksi, ilhali ana gari lake. Alikuwa akiwarejesha watoto kutoka madrasa, karibu na Mtwapa, ilipowaka mbele yake taa nyekundu yenye umbo la birika. Alidhani ni ukumbusho tu wa kwenda gereji, akaamua afike nyumbani kwanza. Hakufika. Injini ilikwama njiani, na fundi alipokivuta kijiti cha oili, kilitoka kikavu.

Hatumlaumu. Wengi wetu tulifundishwa kuendesha, hatukufundishwa kufungua boneti. Kazi hiyo tumewaachia waume, kaka na mafundi, nao aghalabu hawapo gari linapozimika.

Tufahamu kwamba taa ile haitoi habari ya oili inayokaribia kupungua. Husema kuwa msukumo wa oili ndani ya injini umeshaanguka, na vyuma viko hatarini kusagana vikavu. Ikiwaka, tuegeshe mahali pa salama na kuzima injini papo hapo. Anayeingoja taa amechelewa. Kijiti ndicho kinachoonya mapema.

Tukipime kila baada ya wiki mbili, na kabla ya safari ndefu. Gari liegeshwe pasipo mwinamo, na injini izimwe kwa dakika 10 ili oili iteremke. Tufunge ncha za mtandio na kukunja mikono ya buibui. Tuvute kijiti, tukifute kwa kitambaa safi, tukirudishe mpaka mwisho, kisha tukivute tena; kipimo cha kuaminika ni hiki cha pili. Oili yatakiwa iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Ikipungua, tuongeze kidogo kidogo huku tukipima, kwani katika magari mengi madogo nafasi baina ya alama hizo ni takriban lita 1 tu. Kuzidisha nako kuna madhara: oili hupigwa ikatoa povu, na povu halilindi chuma.

Aina ya oili isomwe katika kitabu cha gari. Hata kikiwa cha Kijapani, maandishi kama 5W-30 husomeka.

Weusi wa oili pekee si ugonjwa. Rangi ya kuogopwa ni ile ya chai ya maziwa, kwani huashiria kuwa maji yamechanganyika nayo. Hapo gari lisiendeshwe, aitwe fundi.

Kabla ya kufunga boneti, tutazame chupa ya maji ya rejeta na ile ya breki, nazo zina alama. Mafuta ya breki yakipungua, fundi atafute sababu. Kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa moto, maana maji yachemkayo huruka usoni.

Jamaa yetu sasa anaulizia bei ya injini nyingine, na oili iliyotiwa mapema ingemwepusha na hayo. Gari ni amana, na watoto wanaokaa kiti cha nyuma ni amana kubwa zaidi. Basi tutakapokipima kijiti juma hili, tuwaite mabinti zetu wasimame kando watazame.