DAFTARI SI ZA KUFUNGIA KARANGA

Ndugu wanakijiji,

Mwaka 1968 kisomo chenye manufaa kilipoanza mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo, wazee wetu walijifunzia vitabu vya kilimo cha pamba, na vitabu hivyo walivitunza sandukuni. Anayejua kusoma stakabadhi hapunjwi hovyo kwenye mizani.

Leo kijana akimaliza Kidato cha Nne, notisi zake za Baiolojia na Jiografia zinafungia karanga stendi ya Bunda! Mdogo wake naye anaomba nauli ya Musoma akanunue notisi za fotokopi. Akili gani hii jamani?

Leteni daftari hizo ghala la ushirika. Ila mwalimu azipitie kwanza, maana aliyeandika akikosea, anayenakili hukosea vilevile, tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Sisi wa kisomo cha jioni tutazipanga kwa masomo. Mwisho Jumamosi.

Katibu